Jinsi ya kuandika riwaya ya watoto yenye sura ya ngano: mwongozo kwa anayeanza

Kila ninapokaa na watu wanaotaka kuwaandikia watoto, maswali huwa yale yale. Nianze na nini? Sura ziwe ngapi? Ni lazima mzazi afe? Maajabu yawe mengi kiasi gani? Halafu lipo lile linaloulizwa kwa sauti ya chini, watu wakishaanza kuondoka: nitaandikaje habari za tumaini bila kuonekana nahubiri?

Mwongozo huu unahusu kitabu cha aina moja tu: riwaya fupi ya watoto wa miaka 8 hadi 11, yenye mambo ya ajabu kama ya ngano, lakini moyo wake ni familia. Nitatumia mfano mmoja nilioutunga kwa kazi hii, ili uone hatua zinavyoshikana. Usiunakili. Tunga wako sambamba nao.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Daftari moja la riwaya hii peke yake. Usichanganye na mahesabu wala orodha za kazi.
- Nusu saa kila siku, saa ile ile. Ukiandika maneno 300 kwa kikao, siku 80 zitakupa maneno 24,000, na huo ni urefu wa kutosha kabisa.
- Mtoto mmoja halisi unayemfahamu, wa umri huo. Hutamtaja kitabuni. Utamkumbuka tu kila unapoandika sentensi: je, huyu angeelewa? Je, angechoka hapa?
- Ngano tatu ulizosimuliwa utotoni, uziandike upya kwa kumbukumbu tu, bila kufungua kitabu. Zoezi hili usiliruke. Utakachokuwa umekisahau hakikukugusa. Kilichobaki ndicho kitakachokuonyesha unapenda hadithi za namna gani.

Huhitaji kompyuta kwa sasa, wala jina la kitabu.

Hatua ya 1: Tafuta pengo ndani ya nyumba

Vladimir Propp, mtafiti wa Kirusi aliyechambua ngano za kwao katika kitabu kilichotoka mwaka 1928, aliorodhesha matukio 31 yanayofuatana kwa utaratibu ule ule. La kwanza katika orodha yake ni hili: mtu mmoja wa nyumbani anaondoka. Mengine 30 yaache kwanza. Hilo moja linatosha kukuanzisha.

Na sisi tunalo letu. Msimulizi akisema "Paukwa!" tukaitikia "Pakawa!", kinachofuata ni chanjagaa aliyejenga nyumba akakaa, kisha mwana mwenye vijino kama chikichi, kisha vilango vya kupitia. Nyumba, mtoto, mlango. Kabla hadithi haijaanza tumeshapewa vitu vyote vitatu vinavyohitajika.

Basi andika sentensi moja: katika nyumba hii, ni kitu gani kimekosekana? Kimoja tu. Kinaweza kuwa mtu, lakini kinaweza pia kuwa usingizi, kicheko, kivuli, jina. Katika mfano wangu: *asubuhi moja mama wa Zena anaamka hana sauti.* Yupo, anatembea, anapika, lakini hasemi. Zena ana miaka 9, na mdogo wake Kito ana miaka 5.

Tahadhari: wengi hukimbilia kuua wazazi wote wawili ukurasa wa kwanza ili mtoto awe huru kusafiri. Kufanya hivyo si kosa, lakini ujue unachokipoteza. Mtoto asiye na wa kumrudia hana haraka ya kurudi, na riwaya ya familia huishi kwa haraka hiyo.

Tahadhari nyingine ni mama wa kambo mwovu. Katika chapa ya kwanza ya ngano zilizokusanywa na ndugu wawili Wajerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, ya mwaka 1812, anayemwonea wivu Snow White, yule binti mzuri wa ngano, ni mama yake mzazi. Katika chapa ya 1819 amegeuzwa kuwa mama wa kambo. Kwa hiyo hilo lilikuwa chaguo la watu waliokaa mezani na kalamu, nawe unalo chaguo lako. Wako watoto watakaosoma kitabu chako wakiwa wamelala kwenye nyumba ya mama wa kambo anayewapenda.

Hatua ya 2: Mpe mtoto wako jambo la kufanya kwa mikono

Hapa ndipo riwaya nyingi za tumaini zinapofia, hivyo soma taratibu.

Tumaini ukiliandika kama hisia ("Zena hakukata tamaa, alijua siku moja mambo yatakuwa mema"), mtoto anayesoma hana cha kushika. Litafutie tendo. Tendo dogo, linaloweza kurudiwa, ambalo mtu asingelifanya kama hakuamini kwamba kuna kesho.

Mfano wangu: kila usiku Kito humdai dada yake amsimulie mama alivyokuwa kabla yeye hajazaliwa. Ili wasirudie hadithi ile ile, Zena hufunga fundo kwenye uzi kila anapomaliza moja. Kito anayajua mafundo yote kwa kuyapapasa gizani. Hili ni la siku mama alipoanguka mtoni. Hili ni la mbuzi aliyekula kofia ya baba.

Fundo hufungwa kwa ajili ya hadithi iliyosimuliwa au itakayosimuliwa. Kwa hiyo Zena akifunga fundo akiwa mbali na nyumbani, ameshasema kwamba atarudi, bila kufungua mdomo.

Tafuta fundo lako. Kupanda kitu, kuacha sahani ya mtu mezani, kushona nguo ya mtoto ambaye hajaja. Ukishalipata, futa neno "tumaini" popote lilipo kwenye daftari.

Hatua ya 3: Weka kanuni moja ya ajabu, yenye gharama

Maajabu hayatakiwi kuwa mengi. Yanatakiwa kuwa na sheria. Iandike sheria hiyo kwa sentensi moja ambayo mtoto anaweza kuirudia kwa mwenzake bila kukosea:

*Kila mlango wa safari hufunguka kwa kumbukumbu moja ya mama, na kumbukumbu iliyotolewa hairudi.*

Sasa ipime kwa maswali mawili. Je, inagharimu kitu anachokipenda shujaa? Je, gharama yenyewe inagusa lile pengo la nyumbani? Katika mfano wangu, Zena anamtafutia mama sauti yake, na kila hatua inamchukulia mama kidogo kidogo kutoka kichwani mwake. Ukiwa na kanuni ya namna hiyo, sura zinajiandika, maana kila mlango una uamuzi.

Nilijifunza hili kwa kuumia. Mswada wangu wa kwanza ulikuwa na bibi kizee wa msituni aliyetokea sura ya mwisho akamponya kila mtu kwa fimbo. Niliusoma mbele ya mtoto wa miaka saba. Alisikiliza hadi mwisho, akanyamaza kidogo, akauliza, "Kwa nini hakuja tangu mwanzo?" Sikuwa na jibu, na mswada ule haukuwa nalo pia. Tangu siku hiyo, msaada wowote wa ajabu kwenye kazi yangu ama unalipiwa, ama unafika kabla ya shida kubwa, kamwe hauji kuimaliza.

Hatua ya 4: Jenga familia kwa mazoea yao, si kwa sifa

Linganisha.

Rasimu ya kwanza: *Zena alimpenda sana mama yake. Familia yao ilikuwa maskini lakini ilijaa upendo na furaha.*

Baada ya kuirudia: *Asubuhi ile mama hakuita. Alichukua mwiko akagonga sufuria mara mbili. Zena na Kito walitazamana. Kisha Kito akainuka akaenda kunawa mikono, kwa sababu siku zote mama huita mara mbili, na mara ya pili ndiyo ya kunawa.*

Toleo la pili halikutaja upendo. Lakini tumeona nyumba yenye utaratibu wake, mama anayejitahidi kuwa mama bila sauti, na mtoto mdogo aliyemwelewa kabla ya mkubwa. Mpe kila mtu wa nyumba hiyo zoea moja la namna hii, na kero moja. Kero ni muhimu. Kito anamchosha Zena kwa kudai hadithi, na sura ya 2 Zena anamfokea. Ndugu wasiogombana watoto hawawaamini.

Hatua ya 5: Panga safari kwa tatu

Mwaka 1909 mtafiti wa Denmark, Axel Olrik, aliandika kuhusu sheria za masimulizi ya mdomo. Mbili zitakusaidia moja kwa moja: mambo hutokea mara tatu, na katika tukio moja huongea watu wawili tu. Hiyo ya pili itakuokoa na mazungumzo ya watu watano ambayo mtoto hawezi kuyafuata, hasa akiwa anasomewa.

Milango mitatu basi, na gharama ipande. Zena anatoa kwanza wimbo wa kulala aliokuwa akiimbiwa. Kisha harufu ya nguo za mama. Kisha uso wake.

Gawa kurasa hivi: sura 20, kila moja maneno yapatayo 1,200, ambayo ukiyasoma kwa sauti bila haraka ni kama dakika 12. Sura 4 za nyumbani, 11 za njiani, 2 za giza, 3 za kurudi. Wanaoanza huandika sura moja ya nyumbani kisha wanaondoka mbio. Kaa nyumbani. Msomaji hawezi kuikumbuka nyumba aliyoiona kwa kurasa tatu tu.

Hatua ya 6: Tunga kibwagizo

Ngano zetu zina wimbo au maneno yanayorudi, na wasikilizaji huyangoja ili waitikie. Riwaya nayo iwe nayo. Katika mfano wangu kila mlinzi wa mlango huuliza: *"Umebeba nini, na unampelekea nani?"* Zena hujibu: *"Nimebeba uzi, na nampelekea mama."*

Kibwagizo kizuri ni kile ambacho siku moja kitashindikana kuitikiwa. Kiweke akiba.

Papo hapo usisahau tanakali za sauti. Jiwe liingie majini chubwi, mzigo uanguke pu, kimya kiwe ji. Kwa mtoto anayesomewa, hizo ndizo picha.

Hatua ya 7: Panda mbegu ya mwisho mapema

Kabla ya kuandika sura ya kwanza, ujue ya mwisho. Halafu urudi nyuma ukaifiche mbegu yake ndani ya sura nne za nyumbani, mahali ambapo itaonekana kama mchezo au kero.

Kwangu mwisho ni huu: Zena anafika nyumbani na mtungi uliofungiwa sauti, anamwona mwanamke mlangoni, hamjui. Kito anauchukua uzi, anapapasa fundo la kwanza, anaanza: "Hili ni la siku mama alipoanguka mtoni." Kanuni haijavunjwa, kwa kuwa kumbukumbu hazikurudi. Zimerudi kama hadithi, kutoka kwa yule aliyekuwa akizidai kila usiku. Mbegu ilikuwa ile kero ya sura ya 2.

Ukikuta mwisho wako hauna mbegu, usilazimishe. Tafuta kitu ambacho tayari kipo katika sura za mwanzo na hujakitumia. Mara nyingi kipo.

Hatua ya 8: Andika rasimu yote bila kurudi nyuma

Maneno 300 kwa siku, unasonga mbele tu. Ukibadili jina la mtu katikati, andika pembeni na uendelee. Kosa la kawaida ni kuipamba sura ya kwanza kwa miezi mitatu, kisha hamu inaisha na kitabu kinabaki sura moja nzuri.

Hatua ya 9: Andika sura ya giza kwa uaminifu

Sura mbili kabla ya kurudi, mambo yawe mabaya kweli. Watu wazima wanaogopa hapa. Wanamliza shujaa mstari mmoja, halafu wanamleta ndege anayeongea aje kumfariji. Mtoto anayesoma huenda anapitia jambo zito kwake, na ukilifupisha giza la Zena, unamwambia kwamba giza lake halikustahili muda.

Fanya hivi. Usieleze huzuni; punguza vitu vinavyomzunguka shujaa. Sentensi ziwe fupi. Maajabu yakae kimya. Kisha leta kibwagizo:

*Mlango wa tatu ulifunguka. Zena aliuchukua mtungi, ukawa mwepesi kuliko alivyodhani.*
*"Umebeba nini?" akauliza mlinzi.*
*"Nimebeba mtungi."*
*"Na unampelekea nani?"*
*Zena akafungua kinywa. Alisubiri jina lije. Halikuja.*
*Akakaa chini. Akautoa uzi mfukoni. Hakujua tena mafundo yale yalikuwa ya nini, ila alijua kuna mtu wa kuyapapasa. Akafunga moja jipya, la mlango huu.*

Mtoto wa hadithi ameendelea kufanya lile tendo la hatua ya 2, wakati ambapo sababu yake karibu yote imeondolewa. Ukifika hapa bila kuongeza sentensi ya kueleza maana yake, umeweza. Iache hivyo. Msomaji wa miaka 9 anaelewa.

Hatua ya 10: Soma kwa sauti mbele ya watoto

Watoto wawili au watatu, si wako peke yao, kwa kuwa wako watakuonea huruma. Shika penseli. Weka alama mahali wanapojinyoosha, wanapoangalia dirishani, wanapouliza swali. Usiwaulize mwishoni kama wamependa, watasema ndiyo. Waombe wakusimulie kesho yake. Walichokiruka katika kusimulia ndicho cha kukata.

Ulimi wako ukijikwaa kwenye sentensi ile ile mara mbili, sentensi ina kasoro. Ivunje.

Ukikwama

*Katikati pamelegea.* Mara nyingi milango inalingana gharama. Angalia kama mlango wa pili unauma kuliko wa kwanza. Kama haumi zaidi, badilisha kinachotolewa kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

*Shujaa anabebwa na matukio.* Pitia kila sura ukiuliza: hapa mtoto aliamua nini? Sura isiyo na uamuzi wake iunganishe na jirani yake.

*Inanuka mawaidha.* Tafuta mtu mzima anayeongea zaidi ya mistari mitatu mfululizo. Huwa ni wewe. Mpe kazi ya mikono katika tukio hilo, na maneno yake yakate nusu. Methali zisizidi mbili kitabu kizima, na zisitoke kinywani mwa mwenye hekima. Mpe mtoto aziseme kimakosa au kwa kubishana.

*Mwovu hatishi.* Mwache atende kwa upole. Mlinzi wa mlango anayeuliza kwa adabu huogopesha kuliko zimwi linalonguruma, na mtoto atamkumbuka zaidi akizimiwa taa.

*Mtoto aliyesomewa amelia.* Usikimbilie kufuta. Ngoja uone kama kesho anaiomba sura inayofuata. Akiiomba, giza lako lina kipimo. Akikataa kabisa, chunguza sura iliyotangulia: huenda hukumwachia kitu chochote cha kushika, uzi haukuonekana. Urudishe uzi, giza liache lilivyo.

*Mwisho unaonekana mtamu mno.* Acha kitu kimoja kisirudi. Mama wa Zena anapata sauti, lakini wimbo wa kulala ulioondoka kwenye mlango wa kwanza, Zena anausikia kama mgeni. Anajifunza upya, kuanzia ubeti wa kwanza, huku Kito akimsahihisha.

*Nimemaliza, nifanye nini na mswada?* Ufungie wiki nne bila kuugusa. Kisha usome wote kwa siku mbili, rekebisha, na ndipo utengeneze vitu viwili ambavyo wachapishaji wengi huviomba: sura tatu za mwanzo zilizo safi, na muhtasari wa ukurasa mmoja. Katika muhtasari usifiche mwisho. Mhariri anataka kujua kama unajua unakokwenda, hivyo mwambie waziwazi nani anaupapasa uzi na anasema nini.